Kichujio Kilichonukia Udi

—Tia signature hapa, chérie, tuende. Kesho tuko na mambo mingi.

Maxime alinisukumia ripoti juu ya meza ya maabara, kalamu keshaifungua. Kesho yake, Jumamosi, wajomba zake walikuwa waje mtaani kwetu Ngagara, kwa mama, kuniposa. Lakini leo nilitakiwa kuthibitisha kwa saini kwamba hewa ya Ngagara ni safi, na kwamba kiwanda cha sabuni kinachotema moshi nyuma ya nyumba yetu hakina kosa. Mama alikuwa na miaka miwili ya kukohoa. Tukisaini wote wawili, kiwanda kingeendelea hivyo hivyo bila kufunga chujio kwenye bomba lake.

—Nionyeshe filtre kwanza.

—We hauniamini?

—Nionyeshe tu.

Kazi yetu ni hii: mashine inavuta hewa mchana na usiku, vumbi linanasa kwenye karatasi ya duara, ndiyo filtre, nasi tunaipima uzito. Ndani ya mashine kuna saa inayohesabu muda wa kazi, na hiyo haichezewi. Nikatoa karatasi ya Jumatatu ile ya Julai, mabomu yalipoangukia mji. Siku hiyo nguo za mama zilizoanikwa ziligeuka nyeusi kwa masizi. Karatasi ya Maxime ilikuwa karibu nyeupe, na rangi kidogo ya chai.

—Siku ile mi nilipanda juu ya paa, kwa toiture ya Ngagara, kubadili filtre peke yangu, mabombe yanapita juu ya kichwa. We unajua.

Najua. Mji mzima unajua. Hadithi hiyo aliisimulia mpaka mama akamkaangia mukeke watatu, samaki wa ziwani, na mimi, mjinga mwenye diploma, nikatokwa machozi ya fahari.

—Ngagara haikukuwa na courant siku tatu, umeme ulikatika. Mashini ilitembea na nini?

—Na groupe, jenereta ya jirani. Danielle, uko unaniuliza kama polisi.

Nikainua karatasi, nikainusa. Sisi wapimaji hatunusi karatasi, lakini alikuwa amenichosha. Ilinukia udi, udi mzito, uleule niliowahi kuukuta kwenye kola ya shati lake, akasema alipita tu dukani kwa mzee Jaffar. Duka hilo linaendeshwa na binti yake, Najla. Wanaishi nyuma ya duka, na wana jenereta.

Nikachukua simu ya mezani, nikapiga dukani mbele ya macho yake.

—Allo, Najla? Mi ni Danielle, natumika kazi moja na Maxime. Ile mashini yenye kuvuma ilikuwa kwenu wiki ya mabombe?

—Siku tatu, dada. Niliiweka kwa salon, pembeni ya chetezo cha udi. Alisema ni mashini ya kusafisha hewa, zawadi ya ndoa yetu. Kisha akairudisha. We ndiye secrétaire wake?

—Ndoa yenu ni lini?

—Mbele ya Ramadhani, inshallah. Akimaliza ripoti yake atasilimu.

—Kesho saa ine anakuja kuniomba miye kwa mama yangu.



—Alhamdulillah nimejua mapema, akasema taratibu. —Mwambie asikanyage tena kwa baba.

Maxime alikuwa ameshakaa kwenye kiti.

—Danielle, ilikuwa vita. Niliogopa.

—Kuogopa si kosa. Hata miye nilijificha chini ya kitanda na mama. Lakini we ulikimbia na mashini, ukaichomeka pale uko na usalama, ili saa ihesabu. Miaka saba unapima hewa, na haukukumbuka kama mashini inavuta hewa ya pale uliiweka. Ningekuacha juu ya mwanamuke. Lakini kwanza nakuacha juu ya ujinga.

—Na ripoti?

Nikachukua kalamu yake. Palipoandikwa mahali pa kipimo, nikafuta Ngagara, nikaandika: sebule ya mzee Jaffar, hewa nzuri, inanukia. Nikampelekea mkuu wetu, Gélase, bila saini. Alisoma mara mbili, akanipa funguo za mashine nipime upya.

Jumamosi asubuhi simu yangu ililia. Ujumbe wa Maxime: «Wajomba wamevaa tayari. Niwaambie nini?»

Nikamjibu: «Waambie ulipima hewa.»

Saa nne ilipofika, mimi na mama tulikuwa tunapandisha mashine juu ya paa. Umeme ulikuwepo. Ilivuma mpaka kesho yake, na nilipotoa karatasi ilikuwa nyeusi tititi. Nikainusa: masizi na mafuta ya sabuni yaliyoungua, basi.

—Ona, mama. Ni hii uko unameza miaka mbili.

Mama aliitazama, akakohoa.

—Na mukeke wangu watatu?

—Wamekwenda, mama.

Ripoti ya karatasi ile nyeusi niliiandika mwenyewe, ukurasa mmoja tu. Hiyo nikaitia saini.