Kiraka cha Katikati

Haya yalimkuta shoga yangu, fundi cherehani asiyemwazima mtu mkasi wake. Huuvaa shingoni kwa kamba kama mkufu. Alikuwa akimshonea mjukuu aliye njiani blanketi la viraka, kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Kilibaki kiraka kimoja tu, chekundu cha katikati, umeme ukakatika. Giza totoro. Nyuma yake akasikia mkasi: kacha, kacha.

"Wifi, acha utundu! Hicho chekundu usikikate!"

Mkasi ukanyamaza. Wifi yake akaitikia kutoka jikoni, mbali: "Umeniita?"

Akapapasa kifuani, mkasi wake ulikuwepo. Cherehani ikalia kidogo, ikatulia.

Taa ziliporudi, pengo la katikati lilikuwa limeshonwa, kwa kitambaa cha maua ya njano kama cha gauni alilovaa. Akapeleka mkono mgongoni, akagusa ngozi.