Sauti ya Baba Kutoka Barafuni

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Chinatsu na bibi yake, Hatsue, walikaa kwenye kotatsu, ile meza fupi yenye hita chini yake na blanketi zito juu. Nje theluji ilikuwa imeunyamazisha mji wote wa Kushiro. Miguu ilipata joto, chai ilifuka moshi, na redio ya bibi, ile ya kuzungumza na watu wa mbali, ilivuma taratibu kama mtu anayesinzia. Katika mvumo huo ndimo ilimotoka sauti ya baba, mpishi wa watafiti kwenye barafu ya kusini mwa dunia. Chinatsu alifumba macho akajiona anaelea juu ya bahari zote mpaka kwake.

Lakini siku hizi mkwaruzo mkali ulikuwa unaifunika sauti hiyo. Bibi, aliyezoea redio tangu ujana wake, alimpa mjukuu wake vichujio, pete nyeusi ambazo waya wa umeme huzungushwa ndani yake ili kelele zisivuje hadi redioni. Alimwagiza afunge pete kwenye kila waya wa nyumba. Chinatsu akafunga wa jokofu, wa taa na wa tangi la samaki. Ukabaki wa kotatsu. Huo ulitaka azime joto na kutambaa chini ya blanketi. Uvivu ukamshika, akamwambia bibi amemaliza zote.

Jumapili ilipofika, baba aliita. Lilisikika jina la Chinatsu tu, mengine yakamezwa na mkwaruzo.

"Labda ni mashine ya Mzee Odagiri," Chinatsu alisema bila kumtazama bibi. Jirani huyo alitengeneza tofu, chakula laini cha maharage ya soya.

Bibi hakupenda ugomvi. Hata hivyo alivaa koti, akachukua boksi la keki za maharage, maana kwa jirani huendi kulalamika mikono mitupu. Alipoinama mlangoni kuvaa viatu, moyo wa Chinatsu ulimuuma. Mzee Odagiri angeomba radhi kwa kosa asilolijua, na baba angepotea tena hadi Jumapili nyingine.

"Bibi, usiende. Waya wa kotatsu sikuufunga. Nilikudanganya."

Bibi akavua kiatu polepole. "Basi ingia huko chini, mama. Mimi nitashika tochi. Na ufanye upesi, magoti yangu na baridi hayapatani kabisa."

Chinatsu alizungusha waya ndani ya pete, tena na tena, vidole vikimfa ganzi. Hita ilipowashwa, mkwaruzo ulikuwa mnong'ono tu. Bibi akazungusha kitufe cha redio, akakaza kidogo kichujio kilichomo ndani yake, akisema ukikibana mno utamchuja na baba.

"Chinatsu, mwanangu, uko hapo? Nimekuita mpaka supu imeungua."

Chinatsu alicheka huku machozi yakimtoka, akazungumza na baba yake mpaka mawimbi yakafifia.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "kazi uliyoiruka haiendi popote, inakungoja. Na siku nyingine ukisikia kelele, usianzie kwa jirani. Anzia hapo ulipokaa."