Jina Alilolimeza Bibi Hilda

Ng'ombe wa mbele walikuwa wameshavuka barabara ya mashamba ya ngano wakati Judith anashuka kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Gidion alikuwa nyuma kabisa ya kundi, fimbo begani, redio ndogo ikining'inia shingoni, anaswaga ndama mmoja mkaidi asiyetaka kuiacha Basotu.

"Gidion! Unaondoka bila kuniaga?"

"Tulishaagana."

"Lini?"

"Siku ya mazishi ya bibi yako. Uliniaga mbele ya watu wote, tena kwa kipaza sauti."

"Mimi? Siku ile nilikuwa nalia tu na kushukuru watu!"

"Ndiyo. Ukashukuru." Akamchapa ndama kofi la mgongoni. "Nyasi zimeisha, Judith. Naenda Lindi na mifugo ya mzee. Wewe nenda kwa ndugu zako wa Norwe wanaokuita. Kila mtu ashike njia yake."

"Nimekukosea nini? Si uniambie!"

"Mtu atukanwe, halafu aanze yeye kulieleza tusi? Kaulize kwenu."

Akaondoka. Hakugeuka. Ndama ndiye aliyegeuka akamtazama Judith, mpaka vumbi likawafunika wote wawili.

Judith alikuwa nesi pale Katesh, amelelewa na bibi yake tangu chekechea. Bibi mwenyewe jina lake hasa lilikuwa Borghild. Alikuja kutoka Norwe akiwa binti, muuguzi wa misheni, wagonjwa wakashindwa kulitamka wakamwita Hilda, na Hilda akabaki mpaka akazeeka, mpaka akazikwa chini ya mlima Hanang. Mwezi mmoja kabla hajafa, ukoo wa Gidion ulileta asali ya kumposa Judith, ikapokelewa, ikanywewa. Kisha msiba. Kisha ndugu wa Norwe wakapiga simu ya video: njoo huku, kazi ya kutunza wazee ipo. Judith hakuwajibu ndiyo, wala hakuwajibu hapana.

Njiani kurudi nyumbani alituma meseji: "Gidi nakuomba upokee simu. Sijui kosa langu." Ikabaki na tiki moja.

Babu Gidobat, mume wa Bibi Hilda, alikuwa barazani anachemsha kahawa kwenye kile kibirika cheusi cha marehemu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kaa. Kaa hapo kwenye kiti chake, kinanichosha kukiona kitupu."

"Babu, siku ya mazishi nilisema nini kibaya?"

"Ulisema vizuri. Ulimshukuru mchungaji, ukawashukuru majirani, ukamshukuru yule aliyetoa dume la..." Mzee akasimamisha kikombe hewani. "Ee! Ulimtaja!"

"Nani?"

"Baba yake Gidion. Jina lake lote, na la ukoo juu. Spika zikalipeleka mpaka mlimani."

"Sasa nimshukuru mtu bila kumtaja?"

"Mke wa kwetu sisi hamtaji baba mkwe wake. Asali ilishanywewa, Judith. Ulipomtaja uliwaambia: mimi si wenu."

Judith akaziba mdomo kwa mkono, kama jina lile lingeweza bado kuzuiwa.

"Mbona Bibi hakunifundisha?"

"Angekufundishaje kitu ambacho chenyewe ni kunyamaza? Haya, baba yangu mimi aliitwa nani?"

Judith akafungua mdomo. Maisha yake yote alikuwa anasikia "Mzee Mkubwa", "mwenye mji", "yule wa kule Basotu". Jina lenyewe hakuwahi kulisikia kwenye nyumba ile.

Babu akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatulia.

"Baba hakumtaka. Alisema mzungu ni kama korongo wa ziwani, msimu ukigeuka anaruka kwao. Hakunywa hata maji mkononi mwake. Siku moja akaja kliniki, kifua kimembana. Bibi yako ndiye aliyekuwa anaita majina kwenye kadi. Ikafika kadi ya baba. Kimya! Daktari ndani anapiga kelele, 'Sista, anayefuata!' Na Hilda, yule mtu wa haraka, anayetembea kama anafukuzwa na nyuki, amesimama na kadi mkononi, uso mwekundu kama nyanya. Halafu akatoka mpaka kwenye benchi, akapiga magoti, akamwambia, 'Shikamoo. Zamu yako imefika.'"

"Akajibu nini?"

"Alikohoa tu. Jioni akaniuliza, 'Nani alimfundisha?' Nikamwambia, hakuna, amewasikiliza wake za kaka zangu. Asubuhi tukakuta mtamba mweusi amefungwa mlangoni."

"Bibi hakuwahi kupata hamu ya kwao?"

"Hamu haikumtoka, mwanangu. Ngano ya Basotu ikiiva, lazima nimpeleke. Anasimama pembeni ya shamba, upepo unalaza masuke. Nikimuuliza, anasema, 'Shamba la baba.' Basi. Tunarudi, anachemsha viazi vyake vya Mbulu, anakula na chumvi. Kila mwaka hivyo. Alikaa na hamu yake kama mtu anavyokaa na goti bovu." Akakitazama kiti alichokalia Judith. "Sasa imehamia kwangu."

Kesho yake Judith alirudi Basotu. Mama Gidion alikuwa uani anasafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto. Loveness, dada yake Gidion, anachagua maharage.

"Hodi hapa."

"Karibu, mgeni," akasema Mama Gidion. Lile neno mgeni likamchoma Judith.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Gidion hayupo."

"Najua. Nimekuja kumwona mwenye boma."

Loveness akacheka puani. "Mwenye boma ana jina, dada nesi. Si juzi ulilitangaza kuliko mpiga mnada?"

"Silijui."

"Hulijui! Wewe?"

"Nililijua nilipokuwa mgeni."

Loveness akaacha maharage. "Litaje tukamwite."

"Sitalitaja. Nitasubiri atoke mwenyewe."

"Yuko mnadani Katesh."

"Nitasubiri."

"Nimekosea, yuko Lindi na ng'ombe."

"Nitasubiri, wifi."

"Sikia, ameshaniita wifi! Mama, huyu ana kichwa kigumu kuliko yule ndama."

Mama Gidion alikuwa ameacha kusugua kibuyu. Ndani ya nyumba mtu akakohoa, kisha mzee mrefu akajitokeza mlangoni, shuka jeusi begani.

"Kelele za nini?"

"Ni huyu nesi," mkewe akajibu taratibu. "Anatafuta mtu, hataki kusema ni nani."

Judith akapiga magoti palepale kwenye majivu. "Shikamoo baba."

Mzee alimtazama kama anayemtazama mtu mwingine nyuma yake.

"Marahaba. Siku Hilda alipopiga magoti kliniki nilikuwepo. Nilikuwa kijana, jino linaniuma. Nikasahau jino." Akakaa kwenye kigoda. "Lakini ng'ombe siwarudishi. Gidion atakaa huko mpaka mvua ishike, na mvua sina namba yake. Norwe utawaambia nini?"

"Nitawaambia hapana."

"Hamu itakuuma."

"Iume tu, baba."

"Loveness, leta simu."

Iliita mara nyingi kabla Gidion hajapokea. Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu.

"Haloo, baba?"

"Ni mimi."

"Judith? Hii namba ya... Uko wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu kwa nani?"

"Kwa mwenye boma."

"Mwenye boma gani? Taja."

"Yule uliyerithi pua yake."

"Ana jina, Judith."

"Litaje wewe, wewe ni mtoto wake. Mimi siliwezi."

Zikasikika kengele za ng'ombe, na mtu anavuta pumzi.

"Rudia," Gidion akasema.

"Nirudie nini? Kitu ambacho sijakisema?"

Loveness akajifunika uso kwa kanga. Mzee alikuwa anatazama pembeni, kuelekea ziwani.

"Judith."

"Abee."

"Nitachelewa sana."

"Najua. Nenda."

Gidion alikaa Lindi misimu miwili, akarudi na nusu ya ng'ombe. Inzi wa ndorobo waliwamaliza wengine. Yule ndama mkaidi alirudi, akiwa na ndama wake. Walifunga ndoa Katesh baada ya mavuno ya mahindi. Babu Gidobat hakuifikia. Alizikwa kando ya Bibi Hilda, na kile kibirika kiko kwa Judith. Loveness aliolewa upande wa Singida, na yeye sasa ana jina asilolitaja. Mama Gidion sasa hasikii vizuri. Ndugu wa Norwe hutuma soksi za sufu kila Krismasi. Baba yake Gidion aliishi mpaka akampakata mjukuu wa kwanza, na ni yeye mwenyewe aliyempa jina la Hilda.

Judith alihamia zahanati ya Basotu. Ngano ikiiva hupita pembeni ya shamba, akasimama kidogo. Kazini yeye ndiye anayeita kadi. Kuna jina moja, lile la mwenye boma, na upande ule wenye jina hilo ni wengi. Likitokea kwenye kadi, huinuka mezani akatoka mpaka kwenye benchi.