Kopo la Saruji Mlangoni

Kocha Duane Prochazka aliusukuma mlango wa ukumbi wa michezo aone kama dhoruba imepungua, ukagota kwenye mwili wa mtu. Alikuwa Bi Opal Svoboda, mwalimu mstaafu, amejikunja kizingitini, vidole vyeupe kwa baridi. Alikuwa amegonga mpaka nguvu zikamwisha. Ndani, kwa ngurumo ya upepo na tanuri la kupasha ukumbi joto, hakuna aliyesikia. Bodi ya shule ndiyo kwanza ilikuwa imepiga kura kwa kauli moja: wilaya yao ndogo ya shule iungane na ya jirani, na shule ifungwe.

Gari la wagonjwa lilimkimbiza hospitalini. Askari wa kaunti, Renata Kuhl, aliyekuja nyuma yake, hakuweza kuondoka tena, maana theluji ilifunga barabara. Wakabaki ndani wote, wakinywa kahawa iliyochacha na kuogopana, wakisubiri greda la kuondoa theluji.

"Kopo liko wapi?" Renata aliuliza.

Kila mtu alilijua kopo hilo. Sheria ya jimbo ya usalama inataka milango ya shule ijifunge yenyewe. Sheria nyingine ya jimbo hilohilo inataka mikutano ya bodi iwe wazi kwa kila mwananchi. Wenyeji walizipatanisha sheria hizo kwa kopo la kahawa lililojazwa saruji, likaegemezwa mlangoni usijifunge kila siku ya mkutano. Sasa lilikutwa nyuma ya pazia la jukwaa.

"Nani walitoka kabla ya kikao?"

"Mimi nilitoka kupiga simu," alisema Brent Lindquist, mkurugenzi wa shule. "Na mwenyekiti Virgil alikwenda kutazama theluji."

"Brent ameahidiwa cheo kule kwa jirani," kocha akadakia. "Na Bi Opal humhoji mpaka anatoka jasho. Unatafuta nini tena, Renata?"

"Wee Duane, chunga mdomo wako!" Brent akafoka.

Renata alimtazama Brent, suti imemkaa vizuri. "Mwananchi akifungiwa nje, kura inakuwaje?"

"Akilalamika, mahakama inaifuta. Na muda wa kupiga nyingine umekwisha leo. Tungesubiri mwaka mzima."

"Basi wewe uliyeitaka kura hii usingeufunga mlango. Ungelala hapo kizingitini kuulinda." Watu walicheka kidogo, kisha wakaona aibu. "Bi Opal hajakosa mkutano tangu nikiwa mwanafunzi wake. Hakuna aliyeshangaa?"

"Tulidhani anaumwa," Brent alisema.

"Nani alisema anaumwa?"

"Hakuna. Ila... kiti chake hakikuwepo."

Kiti cha Bi Opal kilikuwa na mto wa bluu alioufuma mwenyewe. Hukaa mbele kabisa, na hata akichelewa hakuna anayekikalia. Renata alikikuta stoo, kimekunjwa, mto umewekwa juu yake kwa uangalifu.

"Viti hupangwa na nani?"

Macho yote yalimgeukia Virgil Hostetler, mwenyekiti wa bodi.

"Mimi," mzee alisema.

"Na kila mkutano wewe huanza kwa kusema, 'Opal, una neno?' Leo ulisema?"

Renata akamsogelea.

"Ulijua hataingia, Mzee Virgil. Kiti kitupu kingewafanya watu wamtafute."

"Mimi nami niliunyosha mkono kuunga mkono kura!"

"Ndiyo, ili tusikutazame."

Mzee alikaa chini taratibu. "Wajumbe wanne walishaamua. Kura yangu ingesaidia nini? Shule ikifungwa, binti yangu anakosa darasa la kufundisha, anahamia mjini Omaha na wajukuu wangu. Nitabaki na nani hapa? Na upepo?" Akajifuta uso. "Nilimchagua Opal kwa sababu anaijua sheria, na leo alikuwa amechelewa. Nilijua angegonga, akasirike, arudi garini, kesho alalamike. Sikujua mwanawe amemshusha akaenda kulisha ng'ombe. Naapa sikujua!"

"Sheria ni msumeno," Renata alisema. "Umeushika vibaya."

Redio yake ikakoroma. Alisikiliza akiwa amewapa mgongo. Alipogeuka macho yalikuwa yamelowa.

"Ameamka. Huenda akapoteza vidole viwili."

"Mungu asifiwe," Virgil alinong'ona. Kisha, kwa haya, hakuweza kujizuia: "Amelalamika?"

"Ameulizwa, amekataa. Alikuja kuwaomba mkubali kuungana. Anasema watoto tisa hawatoshi hata kucheza mpira, na mtu asiwafungie humu kwa sababu ya upweke wa wazee. Kesi ya vidole vyake ni yangu mimi na wewe. Kura imesimama."

Virgil aliinuka, akaenda stoo, akakitoa kile kiti na kukiweka mbele, mto juu yake. Kisha akampa Renata mikono yake aitie pingu.

"Subiri greda, Mzee," Renata alisema. "Hakuna pa kwenda."

Kocha aliliokota kopo la saruji, akaenda kuuegemeza mlango. Baridi ikaingia, na hakuna aliyemwambia aufunge.