Darasa la Ushonaji la Baraka

Maiti ya Mwalimu Godelieve ilikutwa asubuhi katika kituo cha mafunzo ya kazi cha Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, imelala kifudifudi katikati ya vyerehani. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2002, na vita ilikuwa bado inaendelea milimani.

Inspekta Anatole alipiga magoti. Kisogo cha marehemu kilikuwa kimepasuka vibaya, lakini sakafuni hapakuwa na tone la damu.

"Hakufia hapa," alisema.

"Kweli, chef," alijibu muuguzi aliyeitwa kukagua maiti. "Ona mugongo. Damu imeshuka, ikaganda huku chini ya ngozi. Alilala chali masaa mengi, kisha bakamuleta hapa, bakamugeuza."

Visigino vya marehemu vilikuwa vyeupe. Anatole aliviparua kwa ukucha, akanusa. Chokaa mbichi. Akatazama kuta za darasa: matofali matupu.

Aliyemwona Godelieve jioni iliyotangulia alikuwa Immaculée, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, ambaye binti yake Gentille alihitimu darasa la kwanza la ushonaji.

"Alitoka ngambo, Ubwari, na mutumbwi, akakuja kwangu mbio," alisema Immaculée. "Akanipigia magoti. Mi nikaogopa. Mwalimu anapigia mi magoti?"

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mama, unisamehe. Kule Ubwari atelier ya kushona haiko. Batoto habakufika.' Kisha akasema anaenda kwa Monsieur Henri."

Anatole alimfahamu Henri. Ndiye aliyeongoza tume ya kupanga mafunzo ya kazi kwa vijana wa eneo la Fizi. Tume ilizunguka vijijini ikiuliza ni ufundi gani unaohitajika, kisha ikatangaza ushonaji, upishi na umakanika. Wahitimu wa kwanza walipakiwa kwenye boti wakiambiwa kazi inawasubiri Ubwari. Godelieve mwenyewe alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwashawishi wazazi wawatoe mabinti zao.

Ofisi ya Henri ilinuka chokaa. Ukuta mmoja tu ndio uliopakwa, tena nusu ya chini.

"Bwana Inspecteur, karibu, ukae."

"Nitasimama. Mwalimu Godelieve alikuja hapa jana?"

"Hapana. Sikumuona."

"Nani amepaka ukuta huu?"

"Mi mwenyewe. Unyevu, unajua."

"Unyevu? Kiangazi hiki?"

Henri alicheka kidogo. Anatole alichomoa kisu, akaanza kuparua. Chokaa ilidondoka vipande vipande. Chini yake ukuta ulikuwa na michirizi ya rangi ya kahawia, na katika mchirizi mmoja kilinasa kipande kirefu cha nywele zilizosukwa.

Kicheko cha Henri kilikatika.

"Wale wasichana wako wapi?" Anatole aliuliza.

"Wako hai. Wengi wao."

"Wengi wao?"

"Sikiliza, Inspecteur. Tuliambiwa tupange mafunzo kwa kufuata mahitaji ya waajiri. Hapa mwajiri ni nani? Mashamba yameachwa. Maduka yamefungwa. Wamebaki bakubwa wa mulimani, wale wenye bunduki. Waliomba washonaji wa sare. Waliomba wapishi, makanika. Nikapanga."

"Waliomba wasichana."

Henri alitazama meza. "Na wasichana pia."

"Wewe ulipata nini?"

"Batoto bangu habaguswi. Na vita ikiisha, mi ndo mukubwa wa kazi wa jimbo muzima. Waliniahidi."

"Na Godelieve?"

"Alipiga kelele. Akasema atasimama kanisani Jumapili, aseme mbele ya wote. Nilimuomba anyamaze. Akaenda kwenye mlango."

"Akakupa mgongo."

"Ndiyo. Nikachukua kile chuma cha kufungia mlango." Henri alinyoosha kola ya shati lake. "Lakini uandike vizuri, Inspecteur. Sikushika mutu kwa nguvu. Bazazi baliwaleta benyewe, wamevaa nguo za kanisa. Waliimba pale bandarini."

Anatole alimfunga pingu akimshika mikono ya shati, asiguse ngozi yake. Askari walipomtoa, alikuwa bado anauliza kama ataruhusiwa kuchukua koti.

Immaculée alikuwa amekaa kwenye ngazi za ofisi. Alisimama.

"Gentille iko wapi?"

Anatole alitafuta maneno laini, akayakosa. Alimweleza yote: boti, wenye bunduki, sare, na yale mengine. Alimtajia mlima aliotajiwa na Henri. Mama yule hakulia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua viatu vyake vya plastiki, akavishika mkononi, akakaza kitenge kiunoni.

"Mama, kule hawatakuacha urudi," alisema Anatole.

"Unioneshe njia yenye kuanzia," alisema Immaculée. "Ile ingine nitauliza."