Mgongo wa Bibi

Kabla hawajajuana hata kwa salamu, alikuwa ameshamzaba kofi.

Saa nne asubuhi barabara ya mafundi ilikuwa imejaa mikokoteni, pikipiki na watu wanaogombania njia. Kijana mmoja mwembamba, fulana nyekundu imembana kama ngozi, alishuka mteremko na baiskeli, akakwepa lori lililokuwa linarudi nyuma, akaingia mzimamzima kwenye geti jipya lililoegemezwa nje ya karakana. Geti chini, yeye juu yake. Damu ya kiwiko ikachirizika kwenye rangi nyeupe isiyokauka.

Mwenye karakana, msichana, alitoka mbio, miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso, ovaroli imetobolewa na cheche, kitambaa cha maua kichwani. Aliona rangi yake, akamzaba kijana kofi. Kisha akauona mfupa wa kiwiko unachungulia, akavua kitambaa kile kile akamfunga nacho, huku anamtukana.

"Una macho au una matundu?"

"Nilikuwa nayo. Nimekuona, yamepofuka."

Waliosimama walicheka. Fundi alinuna, akacheka baadaye peke yake.

Kijana alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano, mwajiriwa wa timu ya wekundu, na kwa wembamba wake walimwita Kijiti. Alirudi kukirudisha kitambaa, kimefuliwa. Akarudi baiskeli yake itazamwe. Mara ya tatu hakuwa na sababu, wala hakuulizwa. Baada ya miezi minne mswaki wake ulikuwa chumbani nyuma ya karakana, naye anamwita yule fundi Moto. Walipendana kama walivyoanza: sahani zilivunjika, mlango ulibamizwa, na nusu saa baadaye majirani waliwasikia wanacheka pamoja.

Ndipo timu ya bluu ikamtaka Kijiti. Tena ilimtaka awe nahodha, na jibu litoke Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Kwa wekundu kazi yake ilikuwa kutangulia mbele na kupigwa na upepo, ili nahodha wake ajifiche nyuma na kubakiza nguvu za mita za mwisho. Wenyewe huita kutoa mgongo. Neno hilo hakuwahi kumwambia Moto; nyumbani alisema kazi tu. Moto naye alijua kwamba bwana wake huchoka yeye, na anayeshinda ni mwingine, akamshauri aende zake bluu.

"Mwanaume gani anapasuka kifua ili mwenzake avishwe shada?"

Kijiti alisema atafikiri. Aliyekuwa anamfikiria ni nahodha wake, mtu wa miaka thelathini na tisa mwenye ndevu za mvi, mlalamishi wa soksi, wa chakula na wa usingizi, hadi timu nzima ikamwita Bibi. Miaka miwili nyuma, kwenye mteremko, mwendesha baiskeli wa bluu aitwaye Kisu alimsukuma Kijiti kwa bega kwenye vizuizi vya chuma. Chuma kikalichana paja, damu ikaruka. Bibi alikuwa anaongoza, zimebaki kilomita tatu amalize shindano alilolisubiri miaka kumi. Aligeuza baiskeli, akarudi, akaingiza ngumi kwenye jeraha na kuikandamiza humo mpaka gari la wagonjwa likafika.

Ijumaa asubuhi Kijiti alikuwa anaoga. Simu ikatikisika mezani, Moto akasoma. "Umeniahidi mgongo wako. Usiende kwa wale." Jina juu: Bibi. Chini yake jibu la jana usiku: "Sikuachi, Bibi. Mgongo wangu ni wako mpaka tuzeeke."

Moto aliibeba baiskeli kuukuu ya chuma, ile aliyoshindia Kijiti mara ya kwanza maishani, akaiweka karakanani, akawasha grenda. Kijiti alipotokea na sabuni masikioni, cheche zilikuwa zinaruka na fremu imeshakuwa vipande viwili. Akamshika mkono. Moto akachukua pampu, akamtwanga nayo mdomoni, jino likakatika.

"Mpelekee Bibi yako vipande."

Alijaribu kueleza, mdomo umejaa damu, maneno yakatoka mapovu. Geti likafungwa usoni pake.

Alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Moto wangu, nisikilize kwanza."

"Kamgeuzie Bibi mgongo, akusikilize yeye."

Ikakatwa. Saa sita kasorobo Kijiti akawajibu bluu kwamba anabaki na timu yake. Jioni akapigiwa na Kisu, kwa sauti ya upole kabisa: Jumapili wataonana barabarani.

Jumamosi mtu wa ndevu za mvi aliingia karakanani. Kabla ya kusalimu alimgombeza Moto kwa kufanya kazi bila glavu, akamuuliza kama amekula.

"Wewe nani?"

"Bibi."

Moto akakaa chini, juu ya mabati. Yule bwana hakumcheka. Aliwasha feni kubwa ya kupoozea chuma, akasimama mbele yake, akamwambia Moto aje nyuma. Vumbi lote lilimpiga Bibi usoni. Moto halikumgusa hata unywele.

"Huu ndio mgongo, binti yangu."

Jumapili, kona ya mwisho, Kijiti mbele, Bibi nyuma yake. Kisu akaja kwa kushoto, akampiga kiwiko cha mbavu. Akarudia. Kusogea kungekuwa rahisi, ila kiwiko kingemkuta Bibi. Kijiti akabaki. Mara ya tatu magurudumu yakanasana, wote wawili wakaenda chini kwa kasi ya gari. Lami ikala ngozi, na mfupa wa mtulinga wa Kisu ukalia kama kuni kavu. Bibi akapenya kwenye upenyo wa kiganja, akashinda. Hakurudi nyuma. Walikuwa wamekubaliana hivyo asubuhi.

Moto aliruka kizuizi akiwa na gauni la njano na koti juu yake. Mlinzi akamkamata koti, akaachiwa koti. Akapiga magoti kwenye damu na mafuta.

"Fremu nimeiunga," alisema. "Ina kovu."

"Na mimi nina pengo."

"Mgongo umempa Bibi. Kifua je, umempa nani?"

"Kina mbavu zimevunjika."

"Sijauliza kama ni kizima. Mimi ni fundi."

Kijiti alitema damu pembeni, akasema basi waoane. Moto alivua kitambaa cha maua, akakifunga kiwiko kile kile, akakaza fundo. Kisha akamzaba kofi, dogo, la shavuni, na mkono wake ukabaki pale pale.