Anayegonga Mwisho

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda gereji kuchukua gari.

"Limepona?" nikamuuliza fundi.

"Injini imepona. Breki zimepona." Alikuwa akifuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe. "Ila hicho kiti chako cha nyuma, kaka, kimenishinda."

Ni kiti cha katikati. Kwa wiki kadhaa taa ya mkanda ilikuwa ikiwaka na kengele ikilia, kana kwamba kuna mtu amekaa pale na hajajifunga. Hapakuwa na mtu. Mimi nilisema ni waya.

"Si waya," fundi akasema. "Ni hiki."

Akafungua kabati la spana. Akatoa kitu kwa koleo, hakukigusa kwa vidole. Kilikuwa kifundo cha kitambaa, kikubwa kama limao, kimezungushiwa uzi mweusi. Kitambaa cha maua ya njano. Kilinuka dawa ya kikohozi ya watoto, ile tamu.

Nililijua gauni lililokatwa kitambaa kile.

"Kilifungwa chini ya kiti," fundi akanong'ona, ingawa gereji ilikuwa tupu. "Nikikitoa, kengele inanyamaza. Nikikirudisha, inalia. Nimejaribu mpaka mke wangu kaniambia niache utani."

"Ulikifungua?"

"Nina watoto, kaka."

Nilikitazama. Jioni ile ile tulikuwa tunasafiri, mwendo wa usiku kucha, na watoto wangekaa juu ya kitu kile.

"Kaa nacho," nikamwambia. "Nitakifuata tukirudi."

Hakufurahi. Akakirudisha kabatini, akafunga kwa kufuli. Niliendesha mpaka kwa dada yangu na kengele haikulia hata mara moja. Nikajiambia, basi, limekwisha.

Dada yangu alikuwa na watoto watatu. Mkubwa tunamwita Profesa kwa sababu hakuna asilolijua. Wa pili ni Meja, anayependa kuamuru watu. Wa mwisho alikuwa Chiriku. Huyo alikuwa anaongea hata akiwa amejaza chakula mdomoni.

Utaratibu wa safari zetu ulitoka kwake. Mwaka mmoja tulimsahau kwenye kituo cha mafuta. Kila mtu alidhani amelala chini ya blanketi. Tuliporudi tukamkuta amekaa juu ya kreti, anakula biskuti, anamsimulia muuza mafuta siri zote za ukoo. Alitununia mpaka jioni, kisha akatoa amri: "Hamwondoki mpaka nigonge." Tangu hapo kila aliyekaa nyuma hugonga paa kwa ndani. Profesa mara moja. Meja mara moja. Chiriku wa mwisho, mara mbili. Bila hivyo, siwashi gari.

Likizo ndefu iliyopita tulikuwa tumeshapakia mizigo Chiriku alipopata homa. Hospitali, dada yangu alitoka kidogo kufuata dawa dirishani. Aliporudi, walikuwa wamemfunika mtoto.

"Nilimwacha," alisema. Ndilo neno alilobaki nalo mwaka mzima.

Shemeji anafanya kazi ya kujenga barabara, mbali sana. Alikuja mazishini, akarudi kazini, hakuonekana tena nyumbani. Kwenye simu yeye na dada huulizana hali ya hewa. Safari hii tuliipanga upya ili watoto wakamwone baba yao, na ili wale wawili wakae meza moja wamlilie mtoto wao pamoja. Isingefanyika, sidhani kama ile nyumba ingebaki nyumba.

Ramani ilikuwa bado mezani nilipofika. Tulikuwa tumeamua kuondoka jioni ili kona za milimani ziwakute watoto wamelala.

"Meja akikaa dirishani atatapika," Profesa alikuwa akisema.

"Mimi?" Meja akaja juu. "Nani alitapikia kofia ya Mjomba?"

"Wewe."

"Ilikuwa imeshachafuka."

Nilicheka. Dada yangu naye alitabasamu, na nilikuwa sijaliona tabasamu hilo kwa muda mrefu. Kisha nikatazama alichopanga kando ya mlango. Mito mitatu. Chupa tatu za maji. Viatu vidogo vyekundu, vimefutwa vumbi.

Watoto waliviona. Walishazoea.

Tukapakia. Nje mwanga ulikuwa umebaki kidogo, ule wa kutambua mtu kwa umbo tu. Profesa akaingia kulia, Meja kushoto. Katikati pakawa wazi. Dada akakaa mbele nami, akaufunga mkanda wake, akageuka nyuma.

"Gongeni," akasema.

Profesa akagonga. Meja akagonga.

Kimya.

Dada yangu alitega sikio. Akangoja. Nilimwona akiangalia taa ya mkanda pale mbele, nayo haikuwaka. Tabasamu likamwishia usoni polepole.

"Chiriku?" akaita. "Mama... gonga."

Kimya.

"Mama, gonga basi. Tunaondoka."

Profesa alianza kulia bila sauti. Nikanyoosha mkono kuwasha gari, nikiwaza tukishafika barabarani itakuwa afadhali.

Ngo.

Ngo.

Ngo.

Sauti ilitokea nje. Kwenye bati la mlango wa nyuma, chini, pale ambapo mkono wa mtoto unafika.

"Amebaki nje!" Dada yangu alikuwa ameshafungua mkanda. "Mungu wangu, amebaki nje tena!"

"Dada, ngoja..."

Hakungoja. Akazunguka gari, akafungua mlango wa upande wa Meja. Akasubiri kwa muda ambao mtoto mdogo huhitaji kupanda. Akaufunga taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kubana vidole.

Kengele ikalia. Taa ikawaka. Meja, uso umemkauka, akauvuta mkanda wa katikati, akaufunga. Klik. Kengele ikanyamaza.

Kulikuwa na harufu. Haikuwa ya dawa. Ilikuwa ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

"Washa, kaka," dada yangu akasema. Alikuwa analia na kucheka. "Tumetimia."

Niliwasha.

Tulitoka mjini, tukapita njia panda, tukaishika barabara kuu. Dada alinong'ona, macho mbele.

"Najua utanicheka. Nilikwenda kwa mama mmoja. Nikampa jino la Chiriku lililong'oka, kipande cha gauni, nywele kidogo. Akanifungia. Akasema kifundo kikae chini ya kiti chake, kisitoke. Pale kilipo ndipo atakapokuwa."

"Kikitoka?"

"Alisema kiti kimeshaitiwa mtu. Mwenyewe akikosekana, atakuja mwingine." Akanigusa mkono. "Lakini kipo. Si umemsikia?"

Kisha simu yangu ikaita. Fundi.

"Kaka, mmeshaondoka?"

"Tuko njiani."

"Geuza." Alikuwa anahema. "Kabati linagonga kwa ndani. Mara mbili, halafu kimya. Mara mbili, halafu kimya. Na kuna mtoto... kaka, kuna mtoto anaongea humo ndani, haachi. Anauliza mmepita njia gani."

Nikakata simu. Nikatazama kioo cha katikati. Profesa alikuwa amejibana mlangoni kadiri alivyoweza, na macho yake yalikuwa yananingoja kwenye kioo.

"Mjomba," akanong'ona. "Chiriku hajawahi kunyamaza hivi."

Dada yangu alimsikia. Niliona mgongo wake ukinyooka. Aligeuka, akakitazama kile kiti.

"Kifundo kiko wapi?" akauliza.

"Gereji."

Hakunipiga. Hakupiga kelele. Alijikunja kwenye kiti chake, akasema lile neno lake, safari hii likiwa na watu wengi ndani yake.

"Tumemwacha."

Nikawasha taa ya kugeukia.

Klik. Mkanda wa katikati ukafunguka. Nilingoja kengele ilie. Haikulia.

"Amehama," Profesa akasema, sauti imemkwama. "Mjomba, amehamia kwa Meja."

Nilirudi kwa kasi ambayo sikuwahi kuendesha nikiwa na watoto. Dada alikuwa amemvuta Meja mbele, amempakata, anamwita. Meja alikuwa macho, wala hakuitika. Karibu na njia panda taa zilimulika kitu kidogo pembeni mwa barabara, kinakwenda kule tulikogeuzia. Nikadhani ni mbwa. Nikapita.

Fundi alikuwa amekaa nje, taa zote zinawaka. Kabati lilikuwa wazi na kufuli limefungwa vilevile. Kifundo kilikuwa kizingitini, kimefunguka. Jino halikuwemo.

"Ametoka," fundi akasema, hakuniangalia. "Alikuwa anahesabu kwa sauti, mara akasema amechoka kungoja, anawafuata. 'Nawafuata', alisema. Nilidhani ananiambia mimi."

Dada yangu alitoka mbio hadi barabarani kwa miguu mitupu. Aliita mpaka sauti ikapotea.

Shemeji alirudi wiki hiyo hiyo. Wanakaa meza moja sasa. Meja anakula, anakwenda shule, hatoi amri kwa mtu yeyote. Juzi nilimpeleka mjini. Nilikaa kwenye usukani nikasubiri, kwa mazoea, naye akanyoosha mkono akagonga paa.

Mara tatu.

Kila jioni dada yangu hukaa barazani, viatu vyekundu mapajani, taa ya nje haizimi. Nikimwambia aingie ndani, kuna baridi, hunijibu bila kugeuka. Anasema njia ni ndefu na mtoto ana miguu mifupi. Anasema Chiriku bado anatembea kule mbele, anatutafuta, na hakuna aliyemwambia kwamba tuligeuza.